Rungu la Metito na 9.8

Jumatatu, 9 Juni 2025
Nafasi moja tu! Mkuu wa shule ametangaza: mwalimu mmoja na mwanafunzi mmoja wataenda maonyesho ya sayansi Kajiado mjini. Nthenya wa kemia tayari anatembea kama ameshateuliwa. Hapana. Mwaka huu ni mimi, Ndambuki wa fizikia. Miaka tisa nafundisha hapa Kitengela, sijaalikwa hata mara moja. Mpango: Metito wa kidato cha tatu arushe rungu, kishikwambi kirekodi video, programu ichore njia yake hewani, tupate mvuto wa dunia. Ile 9.8 ya vitabuni! Wengine watarusha mpira. Rungu nani atalifikiria?

Jumanne, 10 Juni
Nimebandika utepe mwekundu kwenye ncha ya mshikio, uonekane vizuri. Metito karusha. Ajabu! Mstari unapanda, unarudi nyuma, unaruka kama panzi. Jibu: 31. Nimetazama video mara kumi na nne, polepole, hadi chai ikapoa. Ile ncha inafanya nini huko juu? Nataka sana kujua. Soipan wa dawati la mbele akauliza kwa nini tusibandike utepe pale rungu linapokaa sawa ukiliweka juu ya kidole. Nikamwambia aketi, hapa si uwanjani. Akaenda kumuuliza Nthenya. Aende!

Jumatano, 11 Juni
Nimepata dawa. Nukta za ule mstari zisizonipendeza nimezifuta. Zilikuwa sitini, zimebaki saba. 9.8 kamili! Nimeiandika kwenye karatasi kubwa ya manila kwa kalamu ya kijani.

Alhamisi, 12 Juni
Mkuu aliingia maabara, akasifu manila. Nikachanua. Kisha akasema, "Mwalimu, si mrushe tena basi tuone?"
31.
Nikalaumu upepo. Hakukuwa na upepo. Soipan akaomba ruhusa, akasawazisha rungu kidoleni, karibu na kichwa, akahamishia utepe hapo. Metito akarusha. Rungu likazunguka vilevile, lakini utepe ukapita laini, tao moja safi. 9.7! Darasa likapiga makofi. Nami nikapiga, kabla sijakumbuka niko upande gani. Kumbe rungu lote linacheza, na mahali pamoja pametulia! Mara kumi na nne nilitazama, sikupaona.

Ijumaa, 13 Juni
Soipan anaenda Kajiado. Mkuu alimuuliza angependa kwenda na mwalimu yupi. Akanitazama kwa heshima zote, akasema Mwalimu Nthenya, kwa sababu alimsikiliza. Iliniuma sana. Nikajifanya nafuta ubao, nao ulikuwa safi.

Jumapili, 15 Juni
Nimetafakari rungu wakati wote wa mahubiri. Kosa nimeligundua: kishikwambi kilikuwa mbali mno! Kina vihisio ndani, kinajua kila kinapotikiswa. Hivyo kesho nakifunga kwenye rungu lenyewe kwa mpira wa baiskeli, Metito arushe kwa nguvu zake zote. Nilipomweleza nje ya kanisa, aliuliza nani atakidaka. Hayo ni maswali ya watu wa kemia.