Jiko la Jeshi kwenye Matanga ya Baba

Leo nimejiaibisha mbele ya matanga mazima.

Nyie mliobaki Sibwesa, naandika jioni hii hii ili mlisikie kwangu kabla ya kulisikia kwa dereva wa lori la mpunga. Yule ataongeza chumvi. (Chumvi ndiyo kitu pekee ambacho leo hakikuharibika.)

Mnajua baba alikuwa mpishi wa jeshi mpaka alipostaafu. Alijivunia jambo moja: hajawahi kuunguza chakula. Alilisema hata kwa watu ambao hawakumuuliza. Alilisema hata akiwa kitandani, mgonjwa. Kwa hiyo kambi yake ya zamani ilipotutumia jiko la kupikia wali wa kuanua matanga hapa Ilembo, niliomba kitu kimoja tu. Wali ule usiungue.

Jiko lilikuja asubuhi, limefungwa nyuma ya lori. Lina magurudumu yake, bomba la moshi linalokunjwa, na sufuria kubwa zilizojengewa humo humo. Shangazi Veronika alilizunguka, akainama, akauliza, "Mafiga yako wapi?"

Koplo aliyelileta alinieleza mimi, kwa kuwa ni mtoto wa mpishi. Kuni zinaingia chini. Sufuria ya wali ina kuta mbili, moja ndani ya nyingine, na katikati kuna maji yaliyochanganywa na glisirini. Moto unachemsha maji hayo, na maji hayo ndiyo yanaivisha wali. Moto wenyewe haukigusi chakula.

"Kwa hiyo hauungui?" nikauliza.

"Hauwezi kuungua. Hata ukilala."

Kumbe! Miaka yote ile! Niliona si siku ya kulitangaza hilo.

Akaendelea: koki ya nyuma ni ya maji ya chai, koki ya chini isiguswe. Nilikuwa naitikia kwa kichwa, lakini macho yangu yalikuwa kwenye mwiko mrefu uliofungwa ubavuni mwa jiko. Mpini wake ulikuwa umelika pale mkono unaposhika. Nilikuwa namfikiria baba.

Padri alipomaliza sala, Koplo aliitwa akatoe salamu za kambi. Nikabaki na jiko, wali ukiwa motoni. Shangazi akaja na birika.

"Mwanangu, watu wana kiu ya chai. Maji ya moto yanatoka wapi?"

Nikafungua koki ya chini.

Birika likajaa. Likaja la pili. Likaja la tatu. (Nilikuwa mkarimu sana.) Huko turubaini sifa zikaanza.

"Aliyetia sukari hii abarikiwe!"

"Msiba wa mwanajeshi huu, siyo mchezo!"

Shangazi hakuwa ametia sukari. Alikuwa bado anaitafuta. Nikatazama watu. Midomo yao inang'aa, wote, kama wamejipaka mafuta ya kwenda harusini. Hapo ndipo nikasikia harufu ya kuungua.

Koplo aliacha salamu katikati, akaja mbio. Akaigusa koki ya chini. Ikatoa tone moja la glisirini.

"Nani kafungua hii?"

Ningeweza kunyamaza. Shangazi mwenyewe alikuwa anatazama miti.

"Mimi," nikasema. "Na wameinywa."

Koplo akatazama midomo ya waombolezaji, akafikiri kidogo. "Haitawaua. Hapa mna vyoo vingapi?"

"Kimoja."

Akafunua sufuria. Moshi ukatoka, mweusi, ukaenda moja kwa moja kwa padri.

Sasa, mtani wetu Mashaka, ambaye kwa desturi ndiye wa kumwigiza marehemu, alikuwa amevaa kofia ya baba na aproni yake tangu asubuhi. Akasimama. Akakohoa kama baba. Akaja na mwendo wa baba, tumbo mbele, akachungulia sufuria.

"Mwanangu! Nimelisha kambi nzima mpaka nikastaafu! Nimewahi kuunguza?"

"Hapana, baba," nikajibu. Sauti ilikuwa ya baba kabisa.

"Sasa wewe umeshindwaje?"

Watu wote wakanigeukia. Nyie mnanijua, nikiulizwa najibu.

"Wewe ulikuwa na glisirini, baba. Lisilounguza lilikuwa jiko, siyo wewe."

Koplo akaangalia chini, akatingisha kichwa kukubali.

Tangu tumzike baba, mama alikuwa hajasema neno mbele za watu. Akainuka kwenye mkeka.

"Ndiyo maana!" akasema. "Ndiyo maana hapa nyumbani alikataa katakata kupika!"

Akacheka mpaka akashikwa na wanawake wenzake. Nikacheka na mimi, halafu nikalia, kwa sauti, mbele ya kila mtu, kitu ambacho siku ya mazishi kilinishinda.

Wali umeliwa wa juu juu. Foleni ya chooni bado ipo. Ile chai iliyobaki nimejipaka visiginoni, na nyufa zimeanza kulainika.