Bei Rasmi ya Pua ya Mkurugenzi

Wananchi wote wanajulishwa kwamba suala la bei ya biskuti za kupambwa, ambalo kwa miaka mingi liliachwa mikononi mwa wanaozioka, hatimaye limepatiwa ufumbuzi wa kitaalamu. Nilikuwa Katibu wa Kamati. Naeleza niliyoyaona.

Mkurugenzi wetu alipandishwa cheo, akataka kujipongeza kwa biskuti sitini zenye sura yake. Akamwendea Mama Pacha, anayeoka nyumbani kwake nyuma ya karakana ya makochi, na kwa kazi hiyo analisha nyumba nzima. Mama Pacha akataja bei. Mkurugenzi akacheka, kisha akagundua anacheka peke yake.

"Nipe kwa nusu, dada. Si unga na sukari tu?"

"Bei ni hiyohiyo, bosi. Nikishusha, wanangu watakula nini? Picha yako?"

Kiongozi wa kawaida angeondoka. Wetu aliunda Kamati. Akatangaza kwamba Kamati itakokotoa bei ya haki, na bei hiyo itakuwa sheria mara tu atakapotia saini: atakayeuza kwa zaidi, au kwa pungufu, atafungiwa jiko. Hakuwa na shaka kwamba bei itashuka.

Kamati ilikuwa mimi na Mchumi. Asubuhi iliyofuata tulihamia jikoni kwa Mama Pacha, chumba chenye dirisha moja, oveni ya gesi, na meza ya kupigia pasi iliyojaa biskuti zinazopoa. Tulimwagiza aoke zote sitini, ili utafiti usiwe na mapengo. Wifi yake, mwanamke wa maneno machache yanayouma, alitusogeza pembeni kwa kiwiko.

Tulianza vizuri. Unga, siagi, mayai, gesi: jumla ikawa ndogo, Mchumi akatabasamu. Kisha Mama Pacha akajaza sukari laini ya rangi kwenye mfuko wenye ncha nyembamba, akaanza kuchora. Nywele za Mkurugenzi zilikuja mara moja, maana ni chache. Pua ilikataa. Akaikwangua, akarudia. Ikakataa tena.

"Pua hii ina mambo," akasema.

Mchumi akainama karibu. "Muda huu wa pua unalipwa na nani?"

"Mpaka leo, na mgongo wangu."

Mchumi ni mtu wa kanuni. Alimweka Mama Pacha katika daraja la wataalamu wa viungo vya uso, na mshahara wake ukaingia kwenye biskuti. Mgongo nao ukaingia. Tukaongeza kazi ya kuwazuia wanawe mapacha wasilambe bakuli, ambayo kitaalamu inaitwa ulinzi wa mali.

"Na nyinyi mnaoonja?" akauliza Wifi. "Mnaingia wapi?"

Lilikuwa swali halali. Gharama iliyoletwa na biskuti ni gharama ya biskuti. Basi zikaingia posho zetu, mafuta ya gari, na dereva aliyekuwa amesinzia nje, ambaye tulimpa posho ya kulala. Kufikia alasiri, biskuti moja ilikuwa na bei ya baiskeli mpya. Tofauti ilibaki matairi tu.

Mkurugenzi alitia saini bila kusoma, kwa kuwa kusoma ni kazi ya ngazi za chini. Kisha akaja mwenyewe kuchukua mzigo wake. Nikamsomea bei. Akaketi juu ya gunia la unga.

"Dada, niuzie kwa ile bei yako ya jana."

"Natamani, bosi. Lakini nitafungiwa jiko."

"Nani kapitisha upuuzi huu?"

"Wewe, mheshimiwa," nilisema kwa fahari.

Wifi akamnyooshea ule mfuko wa sukari, na biskuti ambazo hazijachorwa. "Sheria haimkatazi mtu kujichorea mwenyewe."

Wageni wa sherehe yake walikuwa njiani. Mkurugenzi akavua koti. Pua yake ya kwanza ilitoka kama kiazi. Ya pili iliteleza hadi kidevuni. Biskuti iliyofuata ilipata pua mbili, na hakuna iliyokuwa yake. Mchumi, kwa kanuni ileile, alipima thamani ya kazi ya Mkurugenzi akapata chini ya sifuri. Alihakiki upya, ikashuka zaidi. Niliithibitisha.

Mkurugenzi aliuweka mfuko chini, sukari ikimkauka kwenye tai.

"Ile bei ya jana," akasema, "pua ilikuwa ndani yake?"

"Pua, masikio na shingo yote."

"Ulikuwa unapata hasara, dada."

"Nilianza kuhisi."

Papo hapo akaifuta sheria, akiandikia juu ya mgongo wangu kwa kukosa nafasi mezani. Mama Pacha akataja bei mpya, aliyoipanga yeye, pua ikiwa imehesabiwa. Ilikuwa karibu mara mbili ya ile ya jana. Mkurugenzi akafungua mdomo, akaitazama biskuti yenye pua mbili, akaufunga. Akalipa, Mama Pacha akamalizia pua zilizobaki, na Mkurugenzi akazibeba sinia mwenyewe.

Jioni, kwenye sherehe, Waziri alikula tatu mfululizo, akasema naye anataka mia moja zenye sura yake.

"Huyo mama hapunguzi kidogo?" akauliza.

Mkurugenzi akatazama huku na huku, kisha akamnong'oneza, "Mheshimiwa, ukiomba apunguze, utapewa mfuko uchore mwenyewe."

Waziri akajishika pua yake, ambayo ni kubwa zaidi, akaipima kwa vidole. Akasema atalipa bei kamili, na kama inawezekana, kabla ya kudaiwa.