Jezi Namba Tisa na Kibuyu cha Mate

Jumatano, 12 Novemba

Siku mbaya! Don Heber, rais wa klabu yetu ya Unión del Yí, ametuita mimi na Maicol. Msimu ujao kuna nafasi ya mshambuliaji mmoja tu. Atakayefunga bao mechi ya Jumapili ndiye atakayesaini. Mimi, Líber Olaza, niliyecheza Montevideo, Guayaquil na Meksiko! (Benchi nalo ni sehemu ya uwanja.) Maicol ni mtoto wa juzi, uso umejaa chunusi. Tulipotoka nje akaniambia, "Usihofu, mzee wangu, nikifunga nitakukumbuka." Mzee! Nina thelathini na nne. Kwenye karatasi.

Alhamisi, 13 Novemba

Mazoezini nimemkanyaga Maicol, bahati mbaya ya kupanga. Kumbe ni mguu wa kocha. Nimezungushwa uwanja hadi nikaona nyota. Mke wangu, Mirta, anasema niache mpira nikauze matairi dukani kwa kaka yake. Nimemwambia muuza matairi hashangiliwi. Akajibu kwamba hata mimi sishangiliwi. Hana adabu huyu mwanamke.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimepata! Kabati la mama mkwe limejaa sanamaki, majani yale ya kufungua tumbo. Na anayetengeneza mate, ile chai yetu chungu ya majani, chumba cha kuvalia ni mimi, miaka yote: kibuyu kimoja, mrija mmoja, kinazunguka timu nzima. Nitachanganya majani, nimpe Maicol, halafu nijifanye mrija umeziba na kumwaga yote. Akili nyingi mno kwa mtu mmoja!

Jumapili, 16 Novemba

Naandika nikiwa nimekaa mahali pasipo na heshima.

Nilimpa Maicol kibuyu. Kocha akauliza tangu lini mtengeneza mate hanywi wa kwanza. "Au umetutilia sumu, Líber?" Vicheko! Natengeneza mate tangu utotoni, na nimesahau jambo linalojulikana na kila mtoto wa mji wetu wa Durazno. Nikanywa hadi mrija ukakoroma. Nikajaza tena, nikampa Maicol. Akasema asante, siku ya mechi hanywi, tumbo lake humsumbua. Kocha akakidaka: "Lete huku, kisipoe."

Kipindi cha pili, hakuna bao, penalti yetu! Nikauweka mpira mwenyewe. Nikarudi nyuma. Tumbo likanguruma. Nilizidi kurudi nyuma, kisha nikageuka nikakimbia hadi chooni. Mlango umefungwa! Ndani kocha anamlilia Bikira Maria. Mara uwanja mzima ukalipuka. Maicol kafunga. Nimeumia sana, na si tumbo peke yake. Ile penalti ilikuwa yangu.

Jumatatu, 17 Novemba

Don Heber kanikumbatia huku analia. Anaamini nilimwachia kijana penalti kwa moyo safi! Mtu wa namna hiyo, anasema, haondoki klabuni. Jezi namba tisa ni ya Maicol. Mimi nitakuwa mtunza vifaa: mipira, jezi, viatu, na mate kama kawaida. Mirta kacheka mpaka akakaa chini. Hajaelewa kitu. Kuanzia kesho viatu vya Maicol viko mikononi mwangu!

Nimeshanunua gundi. Nimeijaribu kwanza ndani ya viatu vyangu, nikavivaa. Inashika barabara. Mirta ameenda kutafuta kisu.