Kwaresma, Ramadhani na Venance

Jumatano, 18 Februari
Jumatano ya Majivu. Venance kapakwa msalaba ulionyooka. Mimi nimepakwa doa. Chumba chake na changu hapa Mtoni vimetenganishwa na ukuta mmoja tu, lakini neema zote zinaangukia upande wake.

Mwalimu Jovina, ambaye namtaka kwa ndoa ila bado sijamwambia, kawaambia wanajumuiya wa kanisa letu kwamba siku hizi uso wa Venance una amani. Eti kwa sababu anatafuta imani yake mwenyewe. Misa anakwenda, walokole anawasikiliza, na jioni anakaa dukani kwa Mzee Masoud kumuuliza habari za Kurani. Jovina kasema mwanamume anayejua anachokiamini ni adimu. Roho imeniuma.

Nami nitatafuta. Na nitapata kabla yake!

Alhamisi, 19 Februari
Mwezi umeandama jana. Mpango: nafunga Kwaresma na Ramadhani kwa mpigo. Venance anafunga moja tu.

Saa nne nilikula chapati mbili kwa mama ntilie. Hizo ni za upande wa Kwaresma, ambao unaruhusu mlo mmoja.

Magharibi nikaenda kufuturu kwa Mzee Masoud, majivu bado usoni. Sijanawa makusudi. Nikamwamkia kwa sauti ya mtu aliyeishiwa nguvu. Mkewe, Bi Hayat, akanipa tende, uji na magimbi ya nazi. Mzee akaniinamia, akasema taratibu kwamba asubuhi aliniona na chapati, ila nisijali, mgeni hulishwa hata kama hajafunga.

Nikaona aibu ya kweli. Kwa mara ya kwanza nikataka kumwambia Mungu kitu. Ndipo Venance akaingia, na Bi Hayat akamsogezea sahani ya magimbi niliyokuwa nakula. Nikasahau nilichotaka kusema.

Ijumaa, 20 Februari
Ibada ya mchana kwa walokole. Nimekaa safu moja mbele ya Venance. Mchungaji akasema anayetaka kuokoka anyooshe mkono. Nikanyoosha yote miwili. Venance hakunyoosha hata mmoja. Baada ya ibada mchungaji akamfuata yeye, akamshika bega, akamsifu kwa kutomdanganya Mungu. Mimi nikapewa fomu nijaze.

Jumamosi, 21 Februari
Jumuiya, nyumbani kwa kina Jovina. Venance kasema bado hajui anaamini nini, anajifunza kunyamaza tu. Watu wakatikisa vichwa kama wamelishwa asali. Nikasimama kuorodhesha juhudi zangu. Mwenyekiti akasema muda umekwisha.

Jovina kanisindikiza hadi getini.

"Kaka Adelard, ukibaki peke yako, huwa unamwomba Mungu nini hasa?"

Sikuwa nimejiandaa. Uongo wote ukanikimbia.

"Namwomba Venance ahame."

Hakucheka.

"Hiyo angalau ni yako mwenyewe," akasema, akarudi ndani.

Nimetafakari njia nzima. Alikuwa ananisifu.

Jumamosi, 28 Februari
Venance kahama! Kapata vyumba viwili Mbagala, karibu na shule anayofundisha Jovina. Jovina kaja kumsaidia kufungasha, akakunja mapazia ya Venance kana kwamba ni ya kwake. Baadaye nikaambiwa ni ya kwake kweli, maana wanavishana pete baada ya Pasaka. Wameondoka kwa kirikuu, kigari cha mizigo, Jovina kakaa katikati, kati ya dereva na Venance. Alinipungia mkono.

Nililia kidogo. Kisha nikashtuka. Niliomba ahame, na kahama! Ndani ya wiki moja! Venance kazunguka dini zote na hajajibiwa hata neno. Mungu yupo, ni mmoja, na ananisikiliza mimi. Imani nimeipata.

Chumba chake kakichukua Elibariki, Mlutheri, mpiga kinanda. Hajamaliza hata kutandika kitanda, Bi Hayat kashamletea magimbi.

Nimeshapiga magoti. Jumanne awe ameondoka.