Lenzi Yangu Ndefu na Ukuta wa Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa! Baba mkwe anataka picha yake na mama mkwe, kubwa kama dirisha, itundikwe sebuleni. Tutapiga wawili: mimi, mpiga picha mwenye uzoefu wa miaka kumi na mitano, na Shemeji, mdogo wa mke wangu, karani wa benki. Jumapili watachagua moja. Karani! Kamera yake ya filamu inaingia mfukoni, lenzi yake fupi kama kizibo. Yangu inatoka kiganjani hadi kwenye kiwiko. Ndani ina ukungu kidogo, na mkwaruzo mmoja niliousugua kwa dawa ya meno hadi ukang'aa. Atakiona kilichomtoa kanga manyoya.

Jumanne, 4 Machi

Tumepiga. Shemeji kaweka kamera juu ya miguu mitatu, kabana tundu la lenzi linalopitisha mwanga, kabonyeza mara nne, kaomba chai. Dharau! Mimi nilitumia saa nzima. Mguu wa baba mkwe ulikufa ganzi. Shemeji akanishauri eti nami nibane tundu kidogo, lenzi kuukuu hutulia hivyo, sura zikatoka wazi. Nikamjibu sikununua tundu kubwa ili nilifunge. Nililiacha wazi lote. Mama mkwe alicheka. Nadhani kwa fahari.

Alhamisi, 6 Machi

Kwa fundi anayetusafishia filamu. Kaweka negativi zote mbili juu ya meza ya taa, kanipa kioo cha kukuzia. Kwenye ya Shemeji unahesabu shanga za mkufu wa mama mkwe. Kwenye yangu mkufu upo, ukishajua kwamba upo. Nikamwambia skana yake ni chafu. Akaifuta mbele yangu, akarudia. Yale yale. Nikaagiza aiskani kwa ukubwa wa mwisho wa mashine. Akasema skana haiwezi kuona ambacho lenzi haikukiona. Nikikuza ukungu, nitapata ukungu mkubwa. Wivu wa kazi huo! Nikamlazimisha anoe kingo za sura kwa kompyuta, zionekane kali. Masharubu ya baba mkwe yakaota mstari mweupe pande zote. Tukarudi kwenye ile ya mwanzo.

Kwa kweli niliogopa. Mke wangu amewaambia ndugu zake wote kwamba mumewe ni bingwa. Sitaki ainamishe macho mbele yao kwa ajili yangu.

Ijumaa, 7 Machi

Akili ni nywele, kila mtu ana zake! Picha zimechapwa. Niliiegemeza yangu ukutani nikarudi kinyumenyume. Hatua ya tatu, tope. Hatua ya saba, watu. Hatua ya kumi, wakwe zangu kabisa! Kumbe dawa si lenzi, dawa ni viti.

Jumapili, 9 Machi

Nilifika kabla ya wote, nikasukuma viti hadi ukuta wa mbali. Shangazi wa mke wangu akajikuta ameketi mlangoni. Kazi ikaenda! Baba mkwe akatazama huku, akatazama kule, akasema haoni tofauti. Mke wangu akanifinya mkono kwa furaha. Nikavimba.

Ndipo mama mkwe akainuka. Akaisogelea picha yangu hadi pua ikakaribia kuigusa. Akageuka, akamuuliza baba mkwe huyo mwanamke aliyepiga naye picha ni nani. Baba mkwe akaapa ni yeye mwenyewe. Mama mkwe akasema yeye hana ngozi laini hivyo, asifanywe mtoto mdogo. Sauti zikapanda. Ikabidi picha ya Shemeji iitwe kutoa ushahidi: gauni lile lile, mkufu ule ule, na kovu la kidevuni. Baba mkwe akaitundika hapo hapo, akipigilia msumari kwa haraka ya mtu aliyeponea chupuchupu.

Tulipofika nyumbani mke wangu akaniuliza, kwa upole ulioniuma, ningepungukiwa na nini kama ningebana hilo tundu.

Hajaelewa. Shemeji amempiga mama mkwe kama alivyo. Hilo hata kioo cha bafuni kinaweza. Mimi nimempunguzia miaka thelathini hadi akajionea wivu mwenyewe! Kesho nampelekea fundi negativi ile ile, aikuze ienee mlango mzima wa studio yangu. Nitaitundika chini kabisa, ili watu waje karibu waione vizuri.