Saiti Mira za Lori kwenye Gari la Babu

Jumatatu, 3 Machi 2025
Dada Tulia, umeniagiza niandike kwenye daftari hili kila kinachotokea nyumbani, kisha nikutumie Iringa. Nitaandika yote, hata yanayoniaibisha. Ndiyo mengi.

Leo trafiki amemrudisha babu njiani. Saiti mira ya kulia imefungwa kwa mpira wa baiskeli. Ya kushoto ni kioo cha kujipodolea kilichobandikwa kwa gundi. Amesema hiyo Hiace isionekane Mbeya. Na Jumamosi ndiyo maonyesho ya sayansi! Kikaushio changu cha ndizi ni kikubwa kama mlango, hakipandi basi. Mwalimu ametangaza darasa zima likisikia: nisipoweza kukifikisha, anakwenda Godwin na mlima wake wa udongo unaofuka moshi. Godwin amenipa pole. Mapema hivyo!

Jumanne, 4 Machi
Nimekwenda Ibighi kwa fundi Ahmadi. Nimebeba chupa ya chai na maandazi, ili maneno yateleze. Saa sita mchana nikammiminia kikombe. Akanitazama, akauliza kwa upole kama kalenda ya shule yetu haina Ramadhani. Chai nimekunywa mwenyewe, nyuma ya karakana.

Hata hivyo tumeelewana. Mikungu miwili ya ndizi za futari, naye atafunga saiti mira za lori bovu lililolala uani kwake. Mama amekubali kutoa mikungu. Kumwambia babu ikawa kazi yangu. Umesahau? Huko bweni unamtazama kila mtu. Hapa mke wa mwana bado hamtazami baba mkwe wala hamsemeshi. Mama na babu walikuwa hatua tatu, ukuta mmoja katikati.

"Mwambie babu yako gari lishinde kwa fundi kesho."
Nimemwambia.
"Mwambie mama yako nimesikia."
Nimemwambia. Mimi ndiye simu ya ukoo huu.

Jumatano, 5 Machi
Zimefungwa! Ndefu kama mkono wangu. Ahmadi ameelekeza kwamba ubavu wa gari uonekane kidogo tu, barabara iwe nyingi. Nimeona anakosea. Kwenye mlima wa Kawetele gari hupanda polepole na vijana huchomoa ndizi. Basi nikakalia kiti cha babu, maana tunalingana urefu, nikaigeuza ya kushoto mpaka mlango wa ubavuni ukaonekana wote. Ahmadi akasema, "Haya, mwalimu." Nimelichukua kama pongezi.

Babu amelizunguka gari mara mbili. "Ndaga, asante sana, mjukuu wangu." Jumamosi tunakwenda Mbeya. Nimemrudishia Godwin pole yake.

Alhamisi, 6 Machi
Sitaki kuandika. Naandika.

Tumekwenda sokoni kabla ya shule. Mimi mbele, mama nyuma juu ya ndizi, kwenye ule mlango wa ubavuni usiofunga, kichwa nje kidogo apate hewa. Tulipofika mlimani, babu akatazama kushoto kuangalia wezi. Akakutana na macho ya mama. Makubwa, safi kabisa! Miaka kumi na saba hawajawahi! Babu akakanyaga breki, mkungu ukanigonga kisogoni. Mama akajifunika kanga uso mzima, akashuka, akaanza kutembea kwenye mvua. Watu njiani walimuuliza amefiwa na nani.

Anayekuona kiooni, nawe unamwona. Swali hilo lilikuwa kwenye mtihani wa fizikia. Nililipata. Alama zote.

Jioni mama amesema neno moja tu, akimenya ndizi: "Miaka yote hiyo nimejificha vizuri. Mwanangu mwenyewe amenitundika kwenye kioo."

Jumamosi, 8 Machi
Babu amesema gari halitoki mpaka shangazi wa Matwebe aje na kuku, aibu iondolewe. Shangazi anakuja kesho. Nimemwomba babu, nimelia, nimemweleza kwamba maonyesho ni leo. Amejibu kwamba maonyesho yatakuwepo hata mwakani, mkwe ni wa maisha.

Godwin ameondoka saa kumi na mbili asubuhi, mlima wake magotini, kwenye siti ya dirishani. Amenipungia mkono. Kikaushio kimesimama nyuma ya banda. Mama ametandaza juu yake kanga iliyolowa.

Jumapili, 9 Machi
Kuku ameliwa. Wanasema aibu imekwisha. Lakini mama hapandi tena lile gari, ndizi atazibeba kichwani mpaka sokoni. Na babu ameivalisha saiti mira ya kushoto soksi.

Nimewaza sana na nimeona kosa halikuwa langu. Mama alishtukizwa, basi. Akiwa na kioo chake mwenyewe kule nyuma, atamwona babu mapema, kabla babu hajamwona, na kujifunika kwa wakati. Ahmadi ana kioo cha basi, kipana kama sinia. Anataka mkungu mmoja. Nimeshaukata, mama bado hajui.

Dada, nijibu kwa basi la kurudi, usichelewe: nikifunge usawa wa macho ya mama, au juu kidogo?