Majok Asiitwe orodha-ya-ubatizo

Hai Cinema, Juba
Alhamisi, 14 Mei 2009

Kwa Bwana Waiswa,
Mwenye duka la kompyuta, mwalimu wa kompyuta, na mwenye ufunguo wa jenereta.

MINTARAFU: KUBADILISHWA KWA MAJINA YA PROGRAMU ZANGU NNE BILA MIMI KUULIZWA

Mzee wangu Waiswa,

Shikamoo. Najua kwenu Jinja hamsalimiani hivyo, na mimi nilikulia Eldoret ambako tunasema tu "sasa", lakini barua rasmi ni barua rasmi. Natumaini u mzima na kikohozi cha jenereta kimepungua. Mimi ni mzima, ila roho.

Meza yako na yangu zinatenganishwa na pazia moja tu, lakini jana nilipojaribu kukueleza kwa mdomo ulisema, "Santino, andika." Basi nimeandika. Usije ukasema ni ndefu. Nilifika kidato cha pili, na insha zangu zilikuwa zinasomwa hadi kidato cha nne, wengine wakilia.

Jumatatu ulibandika karatasi ukutani. Jina la programu lieleze kazi yake. Liwe fupi. Lisiwe la mtu wala mnyama. Lisiwe limeshatumika. Liandikwe kwa herufi ndogo. Ukasema ifikapo Jumamosi programu zangu zote za wateja (hoteli, shule, kliniki na parokia), yaani Mabior, Malual, Malou na Majok, ziwe na majina mapya, na kwamba Majok niliyoitengenezea parokia itaitwa orodha-ya-ubatizo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Unasema jina lieleze kazi. Wewe mwenyewe unaitwa Waiswa, na umetueleza kwamba kwenu hilo ni jina la pacha aliyetangulia kuzaliwa. Vizuri, hongera. Lakini hiyo ni kazi gani? Ulitangulia mara moja tu, zamani, na tangu hapo asubuhi tunakungoja mlangoni. Kama jina lingefuata kazi, sisi hapa dukani tungekuita zima-jenereta-saa-kumi. Sisemi tunakuita. Nasema tungekuita.

2. Mwenzangu Pitia wa meza ya dirishani anaisifu karatasi yako kila anapopita, na mimi najua sababu. Pitia ni Mbari, kabila la hapa Juba, na kwao mtoto hupewa jina kwa kufuata amezaliwa wa ngapi. Mdogo wake akaja, akaitwa Lako, khalas, hakuna aliyeumiza kichwa. Watu hawa walikuwa na namba za matoleo kabla kompyuta haijafika Juba. Huwezi kumfanya mtu kama huyo shahidi.

3. Hapa naomba uvue miwani kidogo. Kwetu sisi Wajieng, watu wa ng'ombe, kijana akikua baba yake humpa fahali. Kijana humwimbia fahali huyo, na rangi ya fahali inakuwa jina la kijana. Watu wanamwita hivyo hadi anazeeka. Mabior ni mweupe, Malual mwekundu, Malou kijivu, na Majok ni mweusi na mweupe, huyo ukimwona unasahau ulikokuwa unaenda. Mimi nilibebwa kwenda kambi ya wakimbizi ya Kakuma nikiwa na miaka minne, halafu Eldoret, ambako ng'ombe ni wa maziwa na ana nambari kwenye sikio. Baba hakurudi. Baba mdogo Chol, askari pale makao ya jeshi Bilpam, aliniahidi fahali siku mkataba wa amani uliposainiwa, na hiyo ni miaka minne na miezi. Kwa hiyo nilijitengenezea wangu kwa vidole viwili. Wenzangu waliokulia huku wana fahali mmoja mmoja. Mimi nina wanne na hakuna hata mmoja aliyeingia shamba la mtu.

4. Lisiwe limeshatumika. Ukiita "Santino" sokoni Konyo Konyo wanageuka sita, na mmoja ni mbwa. Kila mtu anajua ni nani anayetafutwa. Kompyuta ambayo umesema ina akili kuliko sisi itashindwaje?

5. Herufi ndogo. Hata kuku kwenye menyu ya hoteli za Thongpiny ana herufi kubwa, na huyo ameshakufa.

6. Hili ndilo lenyewe. Baba mdogo Chol anakuja hapa Jumamosi. Nilimwambia kwa simu kwamba nisamehe, usihangaike tena, mimi nina Majok wangu hapa Hai Cinema. Akauliza anakunywa maji wapi. Nikasema hanywi, anakula umeme. Akauliza nani anamchunga nikilala. Nikasema huwa anafungwa kwa neno la siri. Hapo akafurahi sana, akasema usalama ndio kitu cha kwanza, na kwamba atakuja na maofisa wawili wamwone. Sasa fikiria, Mzee. Wanaume watatu wenye buti wanatoka Bilpam kuja kumwona fahali, wanainama mbele ya skrini, wanakuta orodha-ya-ubatizo. Kwetu mtu anaweza kudanganya kuhusu umri, kuhusu shule, hata kuhusu vita. Kuhusu ng'ombe hapana. Baba mdogo hatanisemesha tena, na yeye ndiye baba niliyebaki naye.

Kwa hiyo naomba karatasi ile ishuke. Kama haiwezi kushuka, iongezwe sheria ya sita: fahali wasiguswe. Na kwa kuwa haki lazima ienee, naomba pia kompyuta zote nane zipewe rangi zao, jenereta ipewe wimbo, na duka lenyewe libadilishwe jina, maana "Kompyuta na Fotokopi" linaeleza kazi na bado watu wanaingia kuuliza kama tunauza sabuni. Wewe mwenyewe nimekuazima Malou, kwa sababu ya ndevu.

Nisalimie Moraa wa saluni ya jirani, umwambie zile nywele nimeziona. Wasalimie mama Poni wa chai, wateja wote, na fundi wa jenereta. Pitia pia msalimie, ingawa anasoma hii barua juu ya bega langu.

Ndimi mtumishi wako usiyemwelewa,
Santino Thiik
Mtunzi wa Programu, Kidato cha Pili

N.B. Leo ni Ijumaa. Barua ilikuwa tayari kwenye bahasha alipoingia Mama Apajok, katibu wa parokia, ameshika ile flashi niliyompa juzi kama mtu aliyeshika panya kwa mkia. Alikuwa ameingiza ndani ya Majok watoto kumi na mmoja watakaobatizwa Jumapili. Majok ikamkaribisha kila mtoto, ikampa chumba, ikamuuliza kama anataka chandarua, na ikamkumbusha kurudisha ufunguo kabla ya saa nne asubuhi. Anasema Padre alicheka hadi akakaa. Mama Apajok hakucheka.

Malesh, samahani, Mzee. Majok kumbe ni ile ya hoteli ya Thongpiny. Nikafungua Malual, nikakuta maksi za shule. Nikafungua Malou, wagonjwa wa kliniki wamepanga foleni. Mabior ilikataa kufunguka kwa sababu neno la siri nililiita jina la fahali na sikumbuki ni yupi. Mama Apajok alikuwa anahesabu pumzi zangu. Mwishowe Pitia akatoa nakala ya ile ya parokia aliyoificha tangu Jumatatu. Ilikuwa imeandikwa orodha-ya-ubatizo. Ilifunguka mara moja.

Basi badilisha yote. Karatasi ibaki, na kama gundi imeisha nitaishika mimi kwa mkono.

Lakini jina la Majok sasa halina mwenyewe, na Jumamosi ni kesho. Naomba nilichukue mimi. Halivunji sheria yako, mimi si programu. Baba mdogo akiingia, tafadhali niite kwa sauti mbele yake: "Majok, washa jenereta." Nitawasha kabla hujamaliza. Na akiuliza fahali mwenyewe yuko wapi, mwambie jina limeshafika, tunamngojea yeye amlete.